Adapta za prosesa, bati la Manono na mashini moja ya Kiambi



Wiki hizi kumekuwa na ubishi kati yetu juu ya kompyuta za zamani. Mmoja wetu anasema mashini iliyozidi miaka kumi ni takataka, itupwe, tusubiri mpya. Mwingine anasema kila kitu kinatengenezeka. Mimi siko upande wa yeyote kati yao. Zipo mashini za kutupwa, na zipo ambazo ukizitupa umetupa na kitu kilichomo ndani. Leo nataka nieleze historia ya kifaa kidogo ambacho wengi wenu hamjawahi kukiona: adapta ya prosesa. Ni kibodi kinachokaa kati ya prosesa na bodi mama, ili prosesa ambayo haikuzaliwa kwa bodi ile iweze kufanya kazi pale.

Ukisoma habari zake kwa Kizungu, utaambiwa ni historia ya mbio: watu wa Amerika, Ulaya na Japani walitaka mashini yao ya zamani ikimbie zaidi. Ni kweli, lakini nusu tu. Nusu nyingine inaonekana vizuri zaidi ukiwa kwetu, mahali ambapo mtu hatafuti mbio. Anatafuta chipu yoyote inayoweza kukaa mahali pa ile iliyokufa.

Nianze na udongo wetu, kwa sababu wengine watauliza Kiambi inaingiaje hapa.

Kiambi iko kando ya Luvua, mto unaotoka ziwa Mweru pale Pweto na kwenda kuungana na Lualaba karibu na Ankoro. Kutoka Ankoro mashua zisizozama sana zilikuwa zinapanda mto hadi Kiambi, na Kiambi ndipo safari ya maji ilipokoma. Magharibi yetu kuna Manono. Huko, tangu 1919, kampuni ya Kibelgiji iitwayo Géomines ilichimba kasiterite, yaani mawe yanayotoa bati. Si bati la kuezekea nyumba. Naongelea metali yenyewe, ile Wafaransa wanaiita etain. Miaka ya 1930 bwawa la umeme la Piana Mwanga likajengwa kwenye Luvua yetu hiihii ili kuendesha mgodi. Mwaka 1942 Wajapani walipoteka Malaya na visiwa vya Indonesia, sehemu kubwa ya bati la dunia iliwaponyoka Waingereza na Waamerika, na macho yakageukia Bolivia na Kongo. Manono ikawa na uzito duniani kuliko ukubwa wake.

Bati hilo linaenda wapi? Sehemu moja kubwa inaenda kwenye lehemu, risasi ile fundi wa redio anayeyusha kwa pasi yake. Lehemu ya kawaida ya kompyuta za miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa mchanganyiko wa bati na risasi, karibu asilimia 60 bati, na inayeyuka kwenye nyuzi 183. Ulaya ilikataza risasi kwenye vifaa vingi vya umeme kuanzia Julai 2006, na tangu hapo lehemu ikawa karibu bati tupu. Bati likishayeyushwa halina tena kabila, halisemi limetoka Manono au Malaya. Lakini kila kompyuta iliyowahi kuingia Kalemie ilishikwa pamoja na metali ya aina ile babu zetu walipiga jembe kuitoa.

Pamoja na kasiterite kuna koltani. Humo ndani kuna tantali, metali inayofanya kitu cha ajabu: juu yake inajitengenezea ngozi nyembamba sana isiyopitisha umeme. Kwa ngozi ile unaweza kutengeneza kapasita ndogo kama punje ya muhindi inayotunza umeme mwingi kuliko ukubwa wake. (Lubumbashi mafundi wanasema kondensateri.) Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantali ilipaa ghafla, na sisi wa upande huu wa nchi tunajua ilipaa katikati ya vita ya namna gani. Hilo nitaliacha kwa siku nyingine, lina insha yake.

Sasa tuingie kwenye prosesa.

Agosti 1981 IBM ilitoa PC yake ya kwanza. Ndani kulikuwa na prosesa ya Intel 8088, yenye miguu 40, ikipiga mapigo milioni 4.77 kwa sekunde. Mwaka 1984 kampuni ya Japani, NEC, ikatoa chipu iitwayo V20. Ilikuwa na miguu 40 vilevile, kila mguu kazi yake ileile. Ulikuwa unazima mashini, unanyanyua 8088 kwa bisibisi taratibu, unaikandamiza V20 palepale, unawasha. Mapigo yalikuwa yaleyale, lakini ndani V20 ilikuwa na njia mbili za kupitishia data na ilihesabu anwani za kumbukumbu kwa mitambo yake yenyewe, kwa hiyo kazi iliisha mapema kidogo. Adapta haikuhitajika hata moja. Huyu ndiye babu wa mambo yote yanayofuata.

Intel haikufurahi. Ilidai kwamba NEC imenakili maandishi ya siri yaliyo ndani ya chipu, yale yanayoiambia prosesa itekeleze vipi kila amri. Kesi ikaenda California. Jaji wa kwanza ilibidi aondoke, kwa sababu iligundulika yeye ni mwanachama wa kikundi cha kuwekeza pesa, na kikundi kile kina hisa za Intel. (Hata huko, kumbe!) Jaji wa pili akatoa hukumu Februari 1989: maandishi yale yanalindwa na haki ya mwandishi, lakini NEC haikunakili, tena Intel ilikuwa imepoteza haki yenyewe kwa sababu chipu nyingi zilitoka sokoni bila alama ya haki hiyo. Wanasheria wetu hapa kundini, kesi hii inastahili kusomwa. Ilifungua mlango kwa mtu yeyote kutengeneza prosesa yenye kusema lugha ya Intel, mradi aiandike mwenyewe.

Baada ya hapo mambo yakawa magumu, na ugumu huo ndio uliozaa adapta.

Intel 80286 ilitoka 1982 na miguu 68. Mwaka 1988 ikatoka 386SX, ambayo ndani inafikiri kwa biti 32 lakini nje inaongea kwa biti 16, kama 286. Njia ya data ni sawa, anwani ni nyaya 24 kila upande. Mtu anasema basi, tuibandike. Lakini haikai. Umbo la miguu ni tofauti, na kibaya zaidi, salamu ni tofauti. 286 ikitaka kusoma kumbukumbu inatoa ishara mbili za hali kwa namna yake. 386 inainua ishara nyingine kabisa kusema "anwani iko tayari" na nyingine kusema "nasoma" au "naandika". Ni kama Mluba wa Ankoro na Mtabwa wa Moba wamekaa meza moja: wote watu wazima, wote wana akili, lakini bila mkalimani biashara haiendi.

Mkalimani huyo ilikuwa chipu ndogo ya mantiki inayoandikwa na mtengenezaji mwenyewe, iitwayo PAL, baadaye ndugu yake GAL ambayo unaweza kuifuta na kuiandika upya. Kwa hiyo adapta ilikuwa hivi: kibodi kama kiganja cha mtoto, juu 386SX, pembeni PAL moja au mbili, chini miguu 68 ya kuingia kwenye soketi ya 286. Kingston iliuza yake kwa jina SX/Now!, na Intel wenyewe waliuza yao. Wapo waliotengeneza nyumbani pia, na wapo wanaotengeneza hadi leo, kwa sababu kazi nzima inaeleweka na kichwa cha mtu mmoja. Ratiba za ishara zimechapwa kwenye vitabu vya Intel. Unazipanga mbili, ya 286 na ya 386, unaangalia wapi zinapishana, unaandika mantiki ya kujaza pengo.

Mwaka 1992 Cyrix, kampuni ndogo ya Texas isiyokuwa hata na kiwanda chake, ikatoa 486DLC. Ilikaa kwenye soketi ya 386, lakini ndani ilikuwa na kache ya kilobaiti 1. Kilobaiti moja! Leo inachekesha. Ila hapo ndipo palipoanza tatizo ambalo mimi naliona ndilo moyo wa historia hii yote, kwa hiyo nivumilieni.

Chukua mwenye duka sokoni Kiambi. Ana depo nyuma. Asichoke kwenda depo kila saa, anaandika kwenye daftari dogo mezani: sukari mifuko minne, chumvi miwili. Mteja akiuliza, anaangalia daftari, anajibu haraka. Daftari ndiyo kache. Sasa siku moja mdogo wake anapitia mlango wa nyuma, anaingiza mifuko kumi depo, bila kumwambia. Mteja akija, mwenye duka anasoma daftari na kujibu uongo, na hajui kama ni uongo. Kwenye kompyuta, mdogo yule anaitwa DMA: njia inayomruhusu msomaji wa disketi, au kadi fulani za diski, kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa. Bodi za 386 zilitengenezwa kwa prosesa isiyo na daftari, kwa hiyo hazikuwa na waya wa kumwambia mwenye duka "mdogo wako amepita". Watu walinunua chipu ya Cyrix, wakaiwasha, ikakimbia vizuri, kisha wiki ya pili faili zikaanza kuoza. Programu ndogo ilibidi iongezwe kuwasha kache kwa masharti, au adapta iwe na mantiki ya kufuta daftari kila mara mlango wa nyuma unapofunguka.

Kwa hiyo mtu akikuambia "nimeweka prosesa mpya, inawaka, imekubali", bado hajakuambia kitu. Kuwaka ni rahisi.

Kisha likaja suala la volti. Intel 486 ilitoka Aprili 1989, transista milioni 1.2, kache kilobaiti 8, miguu 168, umeme volti 5. Mwaka 1994 DX4 ikashuka hadi volti 3.3. Mwishoni mwa 1995 AMD ikatoa Am5x86, inayozidisha mapigo ya bodi mara 4, yaani 33 inakuwa 133, na inataka volti 3.45. Ukiichomeka kwenye bodi ya zamani inayotoa volti 5, unaiua. Kingston na Evergreen waliuza chipu hii ikiwa imekalia kibodi chenye regulata ya kushusha volti. Intel nayo 1995 ikauza Pentium OverDrive kwa soketi za 486, ikiwa na feni yake juu.

Niseme ukweli wangu hapa: matangazo ya adapta hizi yalikuwa na maneno mengi kuliko mbio. Reli ya Kabalo hadi Kalemie ilimalizika 1915. Weka juu yake kichwa cha treni chenye nguvu unazotaka, kitaenda kwa mwendo unaoruhusiwa na reli. Prosesa ya mapigo milioni 133 kwenye bodi ya mwaka 1992 inasubiri kumbukumbu ya milioni 33 kila inapotoka nje ya kache. Kwa mtu wa Chicago mwenye duka la kompyuta mtaani, mara nyingi ilikuwa busara zaidi kununua bodi mpya.

Lakini sisi hatuna duka hilo mtaani. Hapa naingia kwenye mashini ya Kiambi.

Ni 486DX2, ya mapigo milioni 66. Ilikuwa ya ofisi ya shule moja, sitaitaja. Mzee mmoja wa kwetu, mwalimu mstaafu, aliihifadhi ndani ya gunia na blanketi wakati watu wanakimbia. Ndani ya diski yake kuna sijili ya wanafunzi wa miaka minne ya katikati ya 1990: majina, wazazi, madarasa, alama. Karatasi zenyewe ziliungua. Mnajua maana yake. Kuna baba na mama wa hapa chamani ambao hawawezi kuthibitisha kama walisoma, kwa sababu ofisi inataka ushahidi na ushahidi ni majivu.

Mtachukua diski mchomeke kwingine? Nilifikiria hivyo pia. Diski ni ya SCSI, na kadi yake ni ya nafasi za ISA, ambazo mashini za leo hazina. Mashini nyingine yenye nafasi zile hatukuipata. Nilikuwa nasoma Lubumbashi, nikiwa na ruhusa ya kutumia osiloskopu jioni. Mzee akaituma kwa lori.

"Ile mashini haiyakufa, mudogo yangu," aliniambia kwenye simu. "Iko tu inalala."

"Ndiyo, Baba. Tutaangalia."

Kwanza sanduku la umeme lilikataa kabisa kuwaka. Hiyo ni dalili ya kawaida ya mashini za umri ule: kapasita ya tantali kwenye mstari wa volti 12 imeshikana ndani, umeme unapita moja kwa moja ardhini, sanduku linajilinda. Multimeta ikaionyesha kwa dakika mbili. Nikaing'oa, nikaweka nyingine, nikihakikisha upande wa chanya, maana tantali ikigeuzwa inalipuka kama njugu kwenye moto. Nikaishika ile mbovu mkononi. Punje ya udongo wa kwetu, ilizunguka dunia, ikarudi kwetu ndani ya sanduku la mitumba, ikafia hapa.

Baada ya hapo volti 5 zikatulia. Mapigo milioni 33 yapo. Ishara ya kuanza upya inaachia vizuri. Lakini ishara ile ya "anwani iko tayari" haikuinuka hata mara moja. Prosesa imekufa. Feni yake ilikuwa imejaa vumbi na kukwama, pengine kwa miaka.

DX2 nyingine ya volti 5 haikupatikana. Kilichopatikana ni Am5x86 moja kwenye rundo la vyuma, juu ya bodi iliyoliwa na maji ya betri hadi nyaya zimekuwa za kijani. Bodi imekwisha, chipu nzima. Basi nikatengeneza adapta.

Njia ni ya zamani. Unachukua soketi ya miguu 168 kutoka bodi iliyokufa na kuifanya ghorofa kati ya bodi na prosesa. Miguu yote inapita moja kwa moja, isipokuwa ile ya kuingiza umeme, ambayo ni zaidi ya 20. Hiyo unaikata isiguse bodi. Juu yake unaiunganisha yote pamoja kwa waya wa shaba, na unailisha volti 3.45 kutoka regulata. Regulata ya kawaida, ile LM317 ya kila fundi wa redio, haifai hapa: inahitaji pengo la karibu volti 2 kati ya umeme unaoingia na unaotoka, na sisi tuna 1.55 tu. Inatakiwa ya pengo dogo. Ishara zenyewe hazina shida, kwa sababu Am5x86 inavumilia ishara za volti 5 kuingia, na zake za volti 3 na kitu bodi inazisoma kama "ndiyo" bila ubishi. Kisha kapasita: tantali mbili kando ya regulata, na za kauri ndogondogo karibu na miguu, kwa sababu prosesa inameza umeme kwa mikupuo ya nanosekunde na regulata haiwezi kukimbia hivyo. Mguu wa kuzidisha mapigo nikaupa swichi, na mguu wa tabia ya kache swichi nyingine. Hiyo ya pili ndiyo muhimu.

Kujaribu kulichukua muda mara tatu ya kutengeneza, na ndivyo inavyotakiwa.

Bila prosesa kwanza: nikapima tundu moja moja, kila la umeme lionyeshe 3.45, na pasiwe na hata moja linalogusana na volti 5 za bodi. Halafu mzigo wa uongo: rezista nene ya omu 3.3, inavuta ampea 1 na kidogo. Volti hazikushuka. Regulata ilikuwa inatupa karibu wati 1.6 kama joto, kipande cha alumini kikatosha. Nikaacha saa nzima. Halafu ndipo prosesa ikakaa, bodi nimeishusha hadi 25, kuzidisha mara 3, yaani 75 tu. Ikawaka. Jina kwenye skrini liliandikwa vibaya, bodi haimjui mgeni huyu, lakini ikahesabu kumbukumbu yote. Nikapanda hadi 100, kisha 133, nikaiacha ipime kumbukumbu usiku kucha. Asubuhi hakuna kosa hata moja.

Mtu mwenye haraka angechomeka diski ya sijili hapo. Sasa kumbukeni mwenye duka. Kadi ile ya SCSI ni ya aina inayotumia mlango wa nyuma kwa kila kitu, kusoma na kuandika. Na Am5x86 ina kache ya kilobaiti 16 yenye tabia mbili: ya kwanza, kila inachoandika daftarini inakiandika na depo papo hapo, ya pili, inaandika daftarini tu, depo itajua baadaye. Ya pili ina mbio zaidi, na kwenye bodi isiyoielewa inaua data kimyakimya.

Kwa hiyo diski ilibaki kwenye blanketi lake. Nilitumia disketi, maana nayo inapita mlango wa nyuma huohuo. Nikanakili faili kubwa kwenda disketi na kurudi, nikalinganisha baiti kwa baiti. Swichi ikiwa kwenye tabia ya pili: ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu imeharibika. Swichi kwenye tabia ya kwanza: mara ishirini, zote sawa. Nikazima, nikalehemu waya mahali pa swichi ili asije mtu akaigeuza.

Siku iliyofuata nilichomeka diski. Ikanguruma, ikasoma. Sijili ikatoka kwa kebo ya serial kwenda laptopu, polepole kama maji ya kiangazi, faili baada ya faili. Nilimpigia mzee, nikamsomea majina kumi ya kwanza. Kwenye la sita akanisimamisha, akasema huyo ni marehemu, na akanyamaza kidogo. Kisha akasema niendelee.

Huko nje kazi hii haijaisha. Mwaka 1999 kulikuwa na bodi ya ABIT BP6 iliyopokea Celeron mbili pamoja, jambo ambalo wapenzi walikuwa wamelifanya kabla kwa kutoboa kadi zao wenyewe kwa kichimbio. Miaka hii kuna PiStorm ya Claude Schwarz: kibodi kinachokaa mahali pa Motorola 68000 ya kompyuta ya Amiga ya mwaka 1987, na juu yake Raspberry Pi inayojifanya prosesa ile. Michoro iko wazi kwa yeyote. Kazi ya msingi ni ileile ya miaka ya 1980: kushusha volti, kutafsiri salamu, kulinda ratiba.

Sijili sasa iko sehemu tatu, na nakala moja ya karatasi iko kwa mzee. Wenye kuhitaji uthibitisho waonane na katibu wa chama. Kubali kwa ofisi ni mapambano mengine, lakini sasa kuna cha kuweka mezani. Mashini yenyewe imerudi Kiambi na adapta yake ndani. Kuna 286 moja Moba, nimeambiwa ina hesabu za ushirika wa wavuvi. Nikipata kifaa cha kuandikia GAL, hiyo ndiyo inayofuata.